Kiapo cha Mwashi

Mtoto alikuwa na miezi minane na bado aliitwa Mgeni. Jina lilianza kama utani wa bibi yake mzaa baba, siku alipoletwa nyumbani amefunikwa shuka mpaka puani. "Karibu mgeni," bibi alimwambia, na nyumba nzima ikacheka. Sasa utani ulikuwa umechacha. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," bibi alisema kila asubuhi akimfuta mtoto mdomo. "Huyu wetu miezi minane hata jina hana. Jembe tutampa lini?"

Jina alikuwa nalo. Wazazi wake walilichagua kabla hajatoa jino la kwanza, wakakubaliana kwamba litatajwa mara ya kwanza kanisani, mbele ya watu. Shida ilikuwa ni kanisa gani, na mbele ya watu gani.

Mtaani kwao makanisa mawili yalitazamana, barabara katikati. Moja lilikuwa la matofali, lina mnara na kengele, na watoto walibatizwa wachanga kwa kumwagiwa maji ya kikombe. Watu waliliita Kengele. La pili lilikuwa na kuta za mabati, lina ngoma na kinanda, na mtu alibatizwa akiwa na akili zake timamu, kwa kuzamishwa mzima mzima. Hilo waliliita Bati. Miaka kumi na minane nyuma lilikuwa kanisa moja. Walivyogawanyika kila mtu anasimulia kivyake: wengine husema ni maji, wengine ngoma, na wapo wanaoapa kuwa ugomvi wote ulianzia kwenye ufunguo wa kabati.

Baba wa Mgeni, fundi wa redio na spika, alikuwa wa Kengele. Mama yake, mwalimu wa chekechea, alikuwa wa Bati. Harusi yao walifungia ofisi ya serikali, dakika kumi na mashahidi wawili, kwa sababu hakuna upande uliokubali kuvuka barabara. Kwa ubatizo, Mwalimu alikubali mtoto apelekwe Kengele, akatoa sharti moja tu. Kule Kengele mtoto husimamiwa na mtu mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama. Alitaka upande wake asimame baba yake mzazi. Ubatizo ulikuwa kesho yake, Jumapili, na baba yake alikuwa amekataa.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi akaenda kumfuata kazini.

Alimkuta juu ya jukwaa la mbao, mwiko mkononi, akipiga plasta ukuta wa duka. Watu wote walimwita Mwashi. Nusu ya kuta za mtaa ule zilipita mikononi mwake, na hakuna hata moja iliyopinda. Yeye mwenyewe alikuwa hivyo hivyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usisimame hapo chini, plasta haina macho."

"Nimekuja kwa lile la kesho."

"Lile nilishalijibu."

"Ulijibu kwa hasira. Nimekuja kuchukua jibu la akili."

Mwashi alitaka kucheka, akajizuia kwa kurusha plasta kwa nguvu. Binti yake huyu alikuwa na ulimi wa marehemu mama yake, na ulimi ule alikuwa hajawahi kuushinda hata mara moja.

"Mwanangu, sikiliza. Sakafu ya kanisa lile niliimwaga mimi. Kizingiti nilikipiga mimi, kwa mikono hii, sikudai hata nauli. Siku walipotuambia tukasalie tunakokujua, nilisimama pale pale kwenye kizingiti changu nikaapa kwamba kiatu changu hakitakanyaga tena sakafu hii. Mtu mzima haapi halafu akayatafuna maneno yake."

"Mjukuu wako hakuwapo siku hiyo."

"Na huyo mjukuu, mnambatiza kwa kosa gani? La kukojolea watu?"

"Baba, sijaja kubishana maji. Nauliza kesho nani atasimama upande wangu."

Mwashi alichukua pimamaji, akaiweka ukutani, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ukuta ulivyohitaji. "Hapa pamelala kidogo," alisema, na haikujulikana anamwambia nani. Mwalimu akangoja. Alipoona jibu haliji, akafuta macho kwa kiganja, akaaga kwa adabu, akaondoka. Ilikuwa saa nzima baadaye ndipo kibarua wake alipomwambia Mwashi kwamba amepiga plasta sehemu moja mara tatu.

*

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Spika zilizotobolewa matumbo zilipanda mpaka darini, na meza ilijaa nyaya, skrubu na kikombe cha chai iliyopoa. Siku hiyo, katikati ya meza, kulikuwa na maiki mbili zisizo na waya, mpya, zinazofanana kama mayai.

Moja ilikuwa ya Kengele. Kasisi wao alikuwa amemwita Fundi pembeni na kumwambia wanataka maiki ya kutembea nayo, "lakini wale wa ng'ambo wasijue." Siku mbili baadaye mchungaji wa Bati akamwita pembeni vilevile. "Nasikia wenzetu wanaleta ya kutembea nayo. Tuletee kama hiyo, ila ipige zaidi." Fundi akawajibu wote "sawa," akaenda duka moja, akanunua aina moja. Angefanyaje? Hakuna duka linalouza maiki za kushindana.

Maiki ya namna hiyo huja na kisanduku chake kinachokaa karibu na amplifaya, na viwili hivyo lazima viwekwe namba inayofanana ili visikilizane. Namba hubadilishwa kwa kuzungusha kijigurudumu kidogo kwa bisibisi nyembamba. Fundi alikuwa na mazoea ya kujaribia kila kitu kwenye namba tatu. Alizijaribu zote mbili, zikaita vizuri. Iliyobaki ilikuwa kuihamishia ya Bati namba saba. Alishika bisibisi, na hapo mke wake akaingia.

"Amekataa," Mwalimu alisema, akaketi juu ya spika.

Fundi akaiweka bisibisi nyuma ya sikio. "Amesemaje?"

"Amesema ukuta umelala."

"Ukuta upi?"

"Sijui! Muulize mwenyewe, nyie mafundi mnaelewana." Akaanza kulia, tena kwa hasira, kwa sababu alikuwa amejiapiza njia nzima kwamba hatalia. "Kesho nitasimama pale na benchi tupu, watu wa kwenu wakinitazama kama mtoto wa kuokotwa."

Bibi alitokea jikoni na mtoto mgongoni. Alikuwa mkali kwa Bati wote isipokuwa mmoja, naye ni huyu mkwe wake, ambaye alimpenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. "Nani atakutazama? Nitajie jina. Nitaketi upande wako mimi."

"Wewe ni upande wa baba, mama."

"Basi nitaketi katikati nijitanue."

Mwalimu akacheka huku analia, mtoto naye akaona mambo yamekuwa mazito, akaanza kupiga mayowe. Wakati huohuo mlango ukagongwa. Alikuwa katibu wa Kengele, amekuja kuchukua maiki. Hajamaliza kusalimia, dirishani akachungulia mpiga kinanda wa Bati, naye amefuata ya kwao. Fundi aliifunika maiki ya Bati kwa nepi ya mtoto, akamkabidhi katibu ya kwake, akamsindikiza kwa mlango wa mbele. Akarudi mbio, akaitoa nyingine ndani ya nepi, akampa mpiga kinanda kupitia dirishani pamoja na kisanduku chake.

"Mbona ina unyevu?" mpiga kinanda aliuliza.

"Ni upya," Fundi alisema.

Bisibisi ilibaki nyuma ya sikio lake mpaka alipokwenda kuoga.

*

Jumapili, benchi la mbele kulia lilijaa ndugu wa Fundi. Benchi la mbele kushoto aliketi Mwalimu peke yake na mtoto aliyevishwa nguo nyeupe. Bibi alikuwa ameingia mapema na kulipanga benchi lile: mkoba wake mwisho kabisa, kisha mwavuli, kisha kitabu cha nyimbo, kisha mfuko wa nepi, vyote vimeachiana nafasi ya makalio ya mtu mzima. Ukitazama kwa mbali ungedhani wenyewe wametoka kidogo watarudi. Watu wa Kengele walielewa, na wengi waliona haya kutazama.

Kasisi aliongoza ibada kwa maiki ya zamani ya mimbarani. Ulipofika ubatizo, aliteremka na ile mpya mpaka kwenye beseni la mawe, lililokuwa nyuma karibu na mlango, akawaita wazazi na bibi. Akabonyeza swichi. Taa ndogo ikawaka, nyekundu. Fundi aliitazama taa ile, mkono wake ukapanda wenyewe mpaka nyuma ya sikio.

"Saba," alimnong'oneza mkewe. "Sikuigeuza saba."

"Saba nini?"

"Mungu wangu. Wanatusikia."

Ng'ambo ya barabara, wakati huohuo, Bati walikuwa kwenye maombi ya kimya. Mchungaji alimpa Mwashi, mzee wa kanisa, aongoze kipindi hicho kwa maiki mpya. Mwashi alitangaza kila mtu anyamaze azungumze na Mungu wake moyoni, akaizima maiki, akainamisha kichwa. Watu mia mbili wakafumba macho. Na kutoka kwenye spika zao ikaja sauti tulivu ya mwanamume.

"Ndugu zangu, tumekuja kumpokea mtoto huyu."

Mama mmoja akasema amina kwa mshangao. Mchungaji akafumbua jicho moja, akamtazama Mwashi, akaona midomo yake imefungwa. Kabla hajasema neno, spika zikalia kilio cha mtoto, kirefu, chenye kwikwi mwishoni. Kilio kile Mwashi alikijua. Kila Ijumaa kililetwa kwake kwa saa moja, kikamtapikia begani.

"Wazazi, mtoto huyu mmempa jina gani?" sauti ile iliuliza.

Ikajibu sauti ya binti yake. Jina alilitamka lote, polepole, la kwanza na la pili. Mwashi alikuwa hajaitwa hivyo tangu mama yake mwenyewe alipofariki. Lilikuwa jina lake yeye. Mtaa mzima ulishalisahau, maana wote walimwita kwa kazi yake. Binti yake hakulisahau, na jana pale chini ya jukwaa hakulitumia kumbembelezea. Hilo ndilo lililomchoma.

"Nani anasimama na mtoto huyu upande wa baba?"

"Mimi, bibi yake."

"Nani anasimama naye upande wa mama?"

Ndani ya Bati hakuna aliyekumbuka kufumba macho. Wote walikuwa wanamtazama Mwashi.

Huko Kengele, Kasisi alingoja. Alikuwa mtu mwema, na kuaibisha watu hakukumpendeza. Akaizima maiki, akamwinamia Mwalimu. "Mwanangu, swali hili naweza kuliruka." Mwalimu akatikisa kichwa. Hakutaka lirukwe. Alimkumbatia mtoto akatazama maji.

"MIMI!" spika zote za Kengele zilinguruma. "Mimi hapa! Babu yake! Ngojeni hapo hapo, msimmwagie maji bado!"

Watu waliinua vichwa kutazama dari. Mzee mmoja wa kwaya alipiga magoti. Kisha zikaja hatua nzito na pumzi, na sauti nyingine kwa nyuma ikisihi, "Mzee, maiki! Maiki yetu hiyo!" Lango likalia. Pikipiki ikapiga honi, na Kengele nzima ikasikia, "Pisha wewe! Huoni mtu mzima ana haraka?" Kasisi alikwishasahau kuiwasha ya kwake. Alikuwa ametega sikio kama wengine, anatabasamu.

Mwashi akatokea mlangoni, suti yake ya Jumapili imefunguka vifungo, maiki mkononi kama mwiko. Nyuma yake walikuja Bati, wengine kumrudisha, wengine kuifuata maiki, na wengi kwa sababu jambo kama hilo huwezi kukubali kusimuliwa. Alifika kwenye kizingiti akasimama. Akatazama chini.

"Niliapa," alisema, na spika zikarudia: niliapa.

Mwalimu alikuwa hatua tano tu kutoka kwake. "Baba, uliapa nini hasa?"

"Kwamba kiatu changu hakitakanyaga sakafu hii."

"Si ukivue, basi!" Bibi alipaza sauti. "Vua, mkwe, mtoto ashike mafua kwa ajili ya kiatu?"

Kanisa likaangua kicheko, na Mwashi naye, akiwa anatafuta namna ya kukasirika, akakosa. Akainama kufungua kamba. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka, kidole gumba kimetoka chote kuangalia watu. Aliona haya, akazivua na soksi, akazisokomeza ndani ya viatu, akaviacha nje vimepangwa sawasawa. Kisha akaingia miguu mitupu, akampokea mjukuu wake.

"Nani anasimama na mtoto huyu upande wa mama?" Kasisi alirudia.

"Mimi," Mwashi alisema, safari hii bila maiki. Ilitosha.

Maji yalipomwagwa mtoto hakulia. Alikuwa anashughulika na pua ya babu yake. Mwalimu alilia kwa niaba yake, wala hakuona aibu.

Bati walikuwa bado wamejazana mlangoni. Kasisi aliwaambia, "Karibuni, nafasi zipo." Wakatazamana, wakaviona viatu vya Mwashi, wakadhani ndio utaratibu. Mmoja akavua, wa pili akavua. Mlima wa viatu ukapanda mpaka kwenye ngazi, na mchungaji wao akavua mwisho kabisa, viatu virefu vyenye ncha ambavyo vilimsumbua visigino kila Jumapili. Bibi alikwenda haraka benchi la kushoto, akaondoa mkoba, mwavuli, kitabu na mfuko wa nepi.

Wakati wa kutoka, katika zogo la kila mtu kutafuta kiatu chake, mchungaji alimvuta Mwashi pembeni. "Mzee, lakini maji ya kikombe! Mafundisho yetu unayajua."

"Nayajua. Akikua, akitaka kuzama, nitamshika mkono mimi mwenyewe. Asipotaka, basi ameshalowa."

"Hilo tutalizungumza."

"Tulizungumze. Kwa mazungumzo hajafa mtu."

*

Jumatatu asubuhi Kasisi na mchungaji walikutana kwenye karakana ya Fundi, kila mmoja na maiki yake, kila mmoja akiwa amedhani mwenzake hataamka mapema. Fundi aliwapa spika za kukalia, akaomba radhi mara nne, kisha akaeleza.

"Zote ziko namba tatu. Yako ikiwa imewaka, inaifunika ya jirani, husikii kitu. Ukizima yako ndipo unamsikia mwenzako."

Kasisi akakohoa. Mchungaji akatazama dari.

"Haifai," Kasisi alisema. "Igeuze."

"Haifai kabisa," mchungaji alikubali. "Igeuze. Ila si lazima leo."

"Leo hapana. Fundi mwenyewe anaonekana amechoka."

Fundi alikuwa amelala usingizi mzuri kuliko wote wa miezi minane. "Nimechoka sana," alisema, akairudisha bisibisi kwenye droo.

Bibi alikuwa na zamu ya kufagia kanisa siku hiyo, mjukuu mgongoni. Alikuta mtu amepiga magoti karibu na beseni la ubatizo, ndoo ya mchanga na saruji kando yake, pimamaji sakafuni. Mwashi alikuwa anapanua ufa kwa patasi.

"Niliuhisi jana kwa nyayo," alisema bila kugeuka. "Umeanza lini huu?"

"Siku nyingi. Tulishazoea kuuruka."

"Mnaruka ufa wakati fundi yuko ng'ambo ya barabara?"

"Fundi alikuwa amenuna," Bibi alisema.

Mwashi alitia mkono mfukoni, akatoa mwiko mdogo wa zamani, umechakaa mpaka ukawa kama kijiko, akaupanguza na kumpa mtoto. Mtoto akautia mdomoni.

"Haya, jembe lake hilo," Bibi alisema. "Basi humu hakuna mgeni tena."

Alisimama kumtazama akichanganya, akimimina, akisawazisha. Kazi yake ilikuwa safi kama zamani. Kisha akaona kitu, akaegemea fagio lake kwa raha zote.

"Mkwe wangu, mbona leo umevaa viatu?"

Mwiko ukasimama. Mwashi alitazama mguu wa kulia, akatazama wa kushoto, viatu vyote viwili vimetapakaa vumbi la saruji, vimekanyaga sakafu ile tangu saa moja asubuhi. Mtoto aliyeitwa kwa jina lake akagonga mwiko wake mdogo begani kwa bibi, mara mbili.

"Saruji haingoji mtu avue viatu," Mwashi alisema, akaendelea kuziba.